Misumari ya Baltimore

Mmeuliza wiki hii: ni mahali gani katika tamthilia ya uhalifu palipokufanya ushindwe kujua umlaumu nani? Wengine watataja jangwa, wengine bandari usiku. Mimi nataja mlango uliozibwa kwa plaiwudi.

Uko Baltimore, Marekani, katika msimu wa nne wa The Wire, uliorushwa mwaka 2006. Msimu unaanza na Snoop, msichana mwembamba, yumo dukani kwa vifaa vya ujenzi akiulizia bunduki ya misumari. Muuzaji anamweleza kama anaongea na fundi mwenzake, na mwisho anaachiwa chenji. (Nilicheka. Baadaye niliona haya kwa kile kicheko.) Kumbe yeye na mwenzake Chris huwaua watu ndani ya mahame, zile nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kisha hurudisha ubao mlangoni na kuupigilia.

Hapo ndipo tamthilia iliponishika. Nyumba hizo hazikujengwa kwa ajili ya kamera. Baltimore inazo kwa maelfu. Na aliyeanza kuziba milango ni jiji lenyewe: watu walihama, nyumba zikabaki, zikapigwa mbao, basi. Wauaji wameazima tu desturi ya serikali. Ukipita barabarani, utajuaje ubao upi umefunika umaskini na upi umefunika maiti?

Anayejua ni Lester Freamon, mpelelezi mpole asiye na haraka. Anaangalia misumari, akatambua mbao zilizopigiliwa kwa bunduki ya misumari. Anamwendea sajenti wake, naye hataki nyumba zifunguliwe: mwaka unakwisha, na kila maiti itakayotoka itahesabiwa kama kesi ambayo kitengo hakijaitatua. Zilipofunguliwa hatimaye, zilitoka maiti 22.

Chris na Snoop siwatetei hata kidogo. Ila yule sajenti hakuua mtu, wala aliyetumwa na jiji kugongomea ubao wa kwanza hakuua, na bado siwezi kuwatoa wote wawili mle ndani ya nyumba.

Tena watoto wa mtaa walijua kabla ya polisi. Walikuwa wakitishana kwamba Chris huwageuza watu mazombi, mpaka Dukie, mmoja wao, akachoka na porojo. Akawachukua wenzake, akaingia nao ndani, akawaonyesha.