Kompresa mpya, AC bado haipoozi: majibu kwa wasomaji

*Fundi, shikamoo. Kompresa ya Noah yangu ilijam, nikafunga ya mtumba hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ilipooza wiki mbili, sasa nayo inalia na hewa inatoka ya moto. Nimeuziwa bovu?* Dereva, Mbalizi

Marahaba. Huenda uliuziwa nzima, ikafia kwenye gari lako. Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, ikijam husaga chuma, na unga wake husafiri na oili hadi kwenye kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari), drayeri (kichujio cha unyevu) na ekspansheni valvu (tundu dogo linalopunguza presha ya gesi). Ukifunga nyingine bila kugusa hivyo, unailisha mchanga. Mwambie fundi afungue bomba linaloingia kwenye kondensa, afute ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cheusi chenye chembe zinazometa, badilisha kondensa. Hizi za kisasa zenye mirija bapa hazisafishiki. Drayeri, valvu na oringi (mipira ya kwenye viungio) viwe vipya. Mabomba na evapoleta (kipoozeo kilicho ndani ya dashibodi) vioshwe kwa dawa yake na kukaushwa, kisha oili ipimwe upya, maana ya zamani imetoka na uchafu.

Najua gharama inauma. Lakini fundi anayekwambia "drayeri bado nzima" wakati mfumo umekaa wazi tangu jana anakuharibia hela. Drayeri hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu ukikutana na gesi na oili huzaa asidi inayokula chuma kimyakimya.

*Mimi ni fundi, Uyole. Pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa kwenye mfumo kabla ya kujaza gesi, nimeiacha saa nzima, geji imegoma kwenye inchi 24 za zebaki. Kitabu kinasema 29. Natafuta wapi inapovuja?*

Usitafute bado. Kitabu chako kinazungumzia usawa wa bahari. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, hewa yetu ni nyepesi, na geji hiyo hupima tofauti kati ya ndani na nje. Kwa hapa, 24 na ushee ndiyo mwisho wake; Iringa mjini utapata karibu hivyohivyo. Ukishuka Kyela, pampu ileile itakusomea zaidi. Kinachokupa jibu ni sindano kutulia: funga valvu za geji, zima pampu, subiri nusu saa. Ikirudi kuelekea sifuri, kuna mvujo au maji bado yamo. Nimeona mafundi wazuri wakifungua viungio vizima kwa sababu ya namba hii, na wengine wakiacha vakyumu kabisa, wanasukuma hewa nje kwa gesi. Hao wa pili msiwape gari.

*AC inatakiwa kuongezwa gesi kila baada ya muda gani?* Wengi

Hakuna ratiba. Gesi haichomwi kama petroli. Ikipungua haraka, inavuja, na mvujo huzibwa kwanza. Swali hili linarudi kila mwezi, naomba tulimalize. Na yeyote anayekushauri ujaze gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi, mkatalie: ikivuja ndani ya gari inatosha cheche moja.

*Gari langu ni haiburidi, kompresa yake ni ya umeme. Fundi wa hapa Iringa anasema oili ni oili.*

Si kweli. Kompresa hizo zinataka oili ya POE iliyoandikwa na mtengenezaji. Ile ya PAG ya kompresa za belti hupitisha umeme, na tone tu lililobaki kwenye hosi ya geji linaweza kuharibu insulesheni (kinga ya umeme ya nyaya za kompresa), gari likagoma kuwaka. Zile nyaya za rangi ya chungwa zina volti za kuua. Asiyezifahamu asizishike.

*Inapooza barabarani, nikikwama kwenye foleni Mafiati inakuwa moto.*

Angalia feni ya kondensa.

*Kompresa mpya, klachi yake (inayoiunganisha na belti) haishiki asubuhi, mchana inashika. Tunduma.*

Asubuhi ya Julai, baridi huweza kushusha presha ya gesi hadi swichi ya presha ndogo ikakataa. Pima jua likishatoka ndipo ulaumu kompresa. Na msiiache miezi yote ya kipupwe bila kuwashwa: dakika kumi kwa wiki, oili ifike kwenye sili ya shafti (mpira unaoziba mhimili wa kompresa). Ikikauka, gesi huvujia hapohapo.