Emacs ikiganda, pima kwanza

Kijana akijiunga nasi kazini hapa Tudor, lalamiko la kwanza kuhusu Emacs, programu tunayoandikia kodi za kompyuta, huwa ni hilo: anaandika, kioo kinaganda, kisha herufi zinamwagika kwa mpigo. Kabla ya saa nne ashakopi mipangilio ya mwenzake na kuapa kuwa Emacs imepona. Mimi siamini hadi nione namba.

Washukiwa wakuu ni wawili. Kuna kuzoa taka: Emacs ikikusanya kumbukumbu isiyotumika tena, husimamisha kila kitu hadi imalize. Halafu kuna programu za pembeni, kama seva ya lugha (inayokagua na kukamilisha unachoandika), zinazoleta data yao kupitia bomba, yaani njia ya kupitisha data kati ya programu mbili.

Anza na taka, ndiyo rahisi kushika. Kwenye mipangilio, weka garbage-collection-messages iwe t (yaani ndiyo) uendelee na kazi. Ujumbe wa kuzoa ukitokea chini ya dirisha kila unapokwama, umeshapata pa kuanzia. Sasa pima kitendo chenyewe kinachokukera kwa benchmark-run. Hurudisha namba tatu: muda wote, mara ngapi taka zimezolewa, na muda ulioliwa na kazi hiyo. Tuseme umepata (2.4 9 1.9). Karibu sekunde mbili zimeliwa na taka, basi pandisha gc-cons-threshold, yaani kiasi cha kumbukumbu kinachotumika kabla ya zamu ya kuzoa kufika, ambayo kwa kawaida ni baiti 800,000 tu. Ikitoka (2.4 1 0.1), achana na taka kabisa. Na usiipandishe bila kikomo kwa sababu umeona wengine wakifanya hivyo. Zamu ya kuzoa ikifika, rundo ni kubwa na kuganda ni kurefu zaidi.

Kwa bomba, kinachohusika ni read-process-output-max, yaani baiti nyingi zaidi zinazosomwa kwa mkupuo mmoja, iliyoingia na toleo la 27 mwaka 2020. Hadi toleo la 29 kiwango chake kilikuwa baiti 4,096. Jibu la mebibaiti moja lilisomwa kwa vipande visivyopungua 256, na kila kipande kinaamsha msimbo wa Lisp (lugha ya ndani ya Emacs) unaokipokea, ambao nao huzalisha taka. Ndiyo maana washukiwa hawa wawili huonekana pamoja mara nyingi. Toleo la 30 limepandisha kiwango hadi 65,536. Ukikibadilisha wewe, anzisha seva upya, la sivyo utapima bomba lile lile la zamani.

Ukibaki na shaka, washa profiler-start, amri inayorekodi muda unakoishia, chagua cpu, rudia kitendo, kisha fungua profiler-report. Mstari wa Automatic GC (kuzoa taka) utakuonyesha sehemu ya taka. Zilizobaki ni funksheni zenye majina, na hapo hakuna kubahatisha.

Tena, kaskazi likikolea na AC imezimwa, laptopu hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Namba za asubuhi usizilinganishe na za saa nane mchana. Rudia vipimo kwa mfululizo, kabla na baada ya badiliko, kisha rudia kwa emacs -Q, yaani Emacs bila mipangilio yako. Ukija mezani kwangu, njoo na namba hizo zote.