Mtoto anasema "sijui kuchora": kabla hujamnunulia kitabu cha kufuatisha

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu ana miaka 9, zamani alikuwa anachora kila siku mpaka ukutani. Sasa hivi akianza tu anafuta, anakunja karatasi, anatupa, anasema hajui. Jirani kanishauri nimnunulie vitabu vya kufuatisha michoro ili apate kujiamini, na kuna mtu anatangaza WhatsApp kozi ya siku 7, mtoto anatoka anachora sura ya mtu kama imepigwa kamera. Nimlipie? (Mama, Tabata)

JIBU: Marahaba mama. Usilipe, na hivyo vitabu viache dukani.

Mtoto wako hajapoteza kipaji, amefika umri wenyewe. Wa miaka 5 akimchora baba yake kichwa kikubwa, mikono inaotea kwenye masikio, anaona ni baba na anafurahi. Akifika 9 au 10 jicho limeshakua, anaona kabisa kwamba mkono hautoki pale, ila kidole bado hakijaweza kufanya jicho linachotaka, basi anaumia. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, aliliandika hili tangu 1947, akasema kuanzia kama miaka 9 mtoto anaanza kutaka uhalisia na kujikosoa mwenyewe. Na huyohuyo alikuwa mkali mno kwa vitabu vya kupaka rangi na vya michoro iliyoandaliwa tayari, tena nakubaliana naye kabisa.

Maana hapo ndipo napopata hasira, kila wiki mzazi ananiambia "nimempa afuatishe kwanza, akizoea atajiamini". Hapana jamani. Wengi wetu shuleni tulipaka karatasi mafuta ya kula mpaka ikawa inaangaza, tukailaza juu ya ramani ya Afrika tukapitisha penseli, ramani ikatoka safi na mwalimu akaweka vema. Haya, chukua karatasi sasa hivi uichore hiyo Afrika bila kitabu. Unaona? Mkono ulitembea lakini jicho halikupima kitu, halikujiuliza hii pembe ya Somalia inatokeza kiasi gani, huku chini kunachongoka kuanzia wapi. Kuchora ni kupima kwa macho, sasa ukimuondolea mtoto kupima umemuondolea kuchora kwenyewe. Halafu mtoto sio mjinga, ukimsifia picha aliyofuatisha anajua unasifia kitabu, siku ukimpa karatasi tupu anaogopa kuliko mwanzo. (Kukopi kwa kuangalia, picha iko kule karatasi iko huku, hilo ni jambo lingine, wachoraji wamejifunza hivyo karne na karne.)

Adui wa pili ni raba. Niliwahi kukaa na binti wa miaka 10 dakika arobaini nzima anachora jicho moja tu, anachora anafuta, anapuliza vumbi la raba, anachora tena, mpaka karatasi ikatoboka palepale kwenye mboni, akaweka penseli chini akalia kimyakimya. Nilichofanya ni kumpa peni ya wino na kandambili yangu mwenyewe. Nikamwambia itazame kandambili, sio karatasi, jifanye kuna sisimizi anatembea pembezoni mwake polepole na peni yako inamfuata, usiinue, usiangalie chini mpaka sisimizi azunguke amalize. Ilitoka imepinda, kisigino kipana kuliko vidole, ila ule mkanda uliochakaa, pale ulipoingia kwenye tundu na kuvimba kidogo, aliupata vilevile ulivyo. Akaniuliza "mwalimu, hii nimechora mimi?" Sijawahi kuona mtoto aliyefuatisha akiuliza hivyo.

Kwa hiyo nyumbani anza na hilo, dakika tano kwa siku, kijiko, ufunguo, mkono wake mwenyewe, peni tu, raba ficha. Ya pili chukua kiti cha plastiki, mwambie asichore kiti, achore zile nafasi tupu katikati ya miguu na kwenye matundu ya mgongoni, akimaliza kiti kitakuwa kimejitokeza chenyewe, hii inawashangaza hata watu wazima wanaoanza, maana kichwa kinajua "kiti" lakini hakina picha ya kukariri ya tundu la kiti, inabidi kiangalie kweli. Ya tatu picha yoyote ya mistari igeuze juu chini aikopi hivyohivyo, kwa sababu ileile. Na akiwa amebanwa sana vidoleni mpe kipande cha mkaa na kalenda ya mwaka jana, achore upande wa nyuma akiwa amesimama, mkono ucheze kuanzia begani. Atachafuka, muache.

Wewe kazi yako ni moja, usishike penseli yake kumrekebishia, na badala ya "pazuri" muulize "hapa uliona nini?"

Sasa hawa wa siku 7. Mzazi mmoja aliniletea picha ya bibi, kaichora mtoto wake kwenye kozi kama hiyo, imewekwa fremu, vivuli laini, makunyanzi moja moja, safi kabisa. Nikamwomba mtoto anichoree kikombe kilichokuwa mezani, akakaa ameshika penseli tu. Taratibu nikajua karatasi iliwekwa mistari ya boksi, sura ikahamishwa kutoka kwenye simu boksi kwa boksi, na vivuli vingi alimalizia "mwalimu". Huo ni wizi kwa mzazi na kwa mtoto. Na nani kawaambia picha nzuri lazima ifanane na kamera? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, hajapita chuo chochote cha sanaa, anatumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi, akafariki 1972, na kwa miaka hiyo michache tu staili yake ikabeba jina lake mpaka leo. Chui wake hafanani na picha ya kamera hata kidogo.

Basi mtu akija kukuuzia kozi ya mtoto usiangalie picha za kwenye tangazo. Muombe mwanafunzi wake mmoja, weka kikombe mezani, simu weka pembeni, subiri dakika kumi.