Kunguru wa mu parsele: namna ya kumuzoesha bila kugombana na jirani

SWALI: Dokta, jambo. Mi niko Katuba, hapa Lubumbashi, kuko kunguru wawili banakuyaka asubui ku ukuta ya parsele, ninabatupia mukate na mabaki ya avoka lakini nikitoka tu banaruka. Jirani naye analalamika ati ninaita bezi ba vifaranga yake. Nifanye nini bazoee? Na mutoto wangu anaweza kumushika mumoja?

JIBU: Mama, jambo sana. Ile avoka uache leo leo, iko na sumu inaitwa perisini inaharibu moyo ya ndege, na hata kama kunguru anaonekana sugu usimupime nayo. Mukate haimuue, inamujaza tu tumbo bure.

Huyu wetu wa Lubumbashi, mweusi wa kifua nyeupe, Corvus albus, anakula karibu kila kitu: wadudu, mbegu, panya, mizoga, mayayi ya ndege wengine. Njo maana umupe kitu yenye nguvu, karanga bila chumvi, yayi ya kuchemsha, krokete ya mbwa (chakula yake ya kukauka) yenye umelowesha, ao ndagala, ile samaki ndogo ya kukauka, yenye umeosha muzuri chumvi itoke. Finkubala, ile viwavi ya kukula, angefurahia pia lakini na bei yake mukule wenyewe. Karanga uangalie kuvu, usiseme "ni ya ndege tu", juu ile sumu ya kuvu, afulatoksini, inaharibu maini ya ndege sawa vile inaharibu ya mutu. Kiasi kidogo, mukono moja ya mutoto inatosha kwa bote wawili, na chenye kimebaki toa, kikilala pale utakuwa unalisha panya ya avenyu nzima. Tena weka sahani ya maji, zaidi mu kiangazi vile mvua imekatika.

Kuzoea sasa. Unatupa chakula halafu unasimama pale unamuangalia, si vile? Kunguru hapendi macho ya kumukazia. Chagua saa moja na pahali pamoja, gonga sahani mara mbili kila siku ajue ni wewe, weka, geuka, ingia nyumba. Akishuka bila woga ukiwa ndani, njo uanze kubaki ku mulango, halafu hatua moja mbele, akiruka rudia nyuma usilazimishe, inaweza kuchukua wiki mingi na wengine habatakaribia hata siku moja. Sura yako ataijua, kule Seattle, Marekani, profesa John Marzluff na wenzake walivaa maski wakikamata kunguru mu 2006, na miaka nyuma yake wale ndege walikuwa bado wanapigia kelele mutu yeyote mwenye kuvaa ile maski, hata wenye habakukamatwa. Aina ya kunguru ya kule ni ingine lakini na wa kwetu uende naye vilevile, batoto ba avenyu basimutupie majiwe mbele yako. Mambo ya kukuletea zawadi, inafikaka mara moja moja, usiingoje.

Jirani iko na haki, Mama. Kunguru anabeba vifaranga kweli, na ukimulisha karibu ya kuku unamufundisha kukuya pale. Peleka sahani upande ingine ya parsele, juu ya ukuta ao meza, kuku zisifike kudonoa pamoja naye, juu magonjwa inapitia mu mavi na mu maji. Jirani afunike vifaranga na griyaji, ile wavu ya chuma, mpaka zikomae, na achanje kuku zake juu ya ugonjwa ya Newcastle, hata bila kunguru ile ugonjwa inamaliza banda. Kama yote hii haiwezekane, parsele zenu zimebanana sana, mi ningeacha kulisha.

Mutoto asimushike, apana. Mudomo yake inapasua ngozi, na wakati wa kiota baba na mama banashukia mutu ku kichwa. Akiona kichanga cha kunguru chini chenye kiko na manyoya na kinarukaruka, hakijapotea, kinajifunza kuruka, bazazi bako juu banaangalia, akiache, afunge tu mbwa. Na nyuma ya kugusa ile sahani anawe mikono na sabuni.