Barua Iliyopigwa Muhuri Kabla Mwanafunzi Hajasikilizwa

Mwezi huu tumechagua barua tatu zinazohusu uonevu na adhabu shuleni. Majina ya walioziandika yamehifadhiwa.

Swali: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mvulana wa miaka 15, nasoma kidato cha pili, na nina kigugumizi tangu utotoni. Tangu muhula wa kwanza kuna wenzangu wanne wa viti vya nyuma ambao, kila ninaposimama kusoma au kujibu swali, hukohoa mmoja baada ya mwingine, pale pale ninapokwama. Mwalimu akigeuka, wananyamaza. Siku moja aliwauliza kama wana mafua, na darasa zima likacheka. Sikumwambia mtu yeyote. Wiki tatu zilizopita, wakati wa mapumziko, mmoja wao alichukua daftari langu la Hisabati akaliweka chini ya bomba hadi wino ukachuruzika, huku wengine wakikohoa. Nilimsukuma, akaangukia ukingo wa sinki na kupasuka mdomo. Nilipoitwa ofisini nilikuta barua ya kunisimamisha masomo kwa siku 14 imeshachapwa na kupigwa muhuri, na nilitakiwa kutia saini tu. Mwenzangu aliambiwa arudi darasani. Nilipojaribu kueleza nilikwama kwenye neno la kwanza, na mwalimu wa nidhamu akasema kunyamaza kwangu ni kukiri. Baba naye anasema niliyataka mwenyewe. Je, nimetendewa haki? Na nitarudije darasani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa ndilo linalokuuma: hapana, hukutendewa haki. Kumsukuma mwenzako hadi akapasuka mdomo lilikuwa kosa, nawe hukulificha, na shule ilikuwa na wajibu wa kulichukulia hatua. Lakini barua uliyoikuta mezani ilikuwa na muhuri kabla hujafungua mdomo, maana yake aliyeiandika alijua habari za dakika moja ya mwisho tu, ilhali jambo lenyewe lina umri wa miezi.

Miezi hiyo ndiyo inayohitaji kuelezwa. Wenzako watasema walikuwa wanatania, na mtu mzima asiye makini atawaamini, kwa sababu kukohoa si tusi wala si kipigo, na hakuna kanuni ya shule inayokataza kikohozi. Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya sehemu kubwa ya utafiti wake nchini Norway na ambaye kazi yake ndiyo iliyoweka msingi wa elimu tuliyo nayo leo kuhusu uonevu shuleni, alitufundisha kutazama mambo matatu: kama kitendo kinakusudia kuumiza, kama kinarudiwarudiwa, na kama anayetendewa amezidiwa nguvu kiasi kwamba ni vigumu kwake kujitetea. Sasa pima hali yako. Wao ni wanne nawe uko peke yako, jambo limeendelea tangu muhula wa kwanza, nao huchagua sekunde ile ile ambayo ulimi wako umekwama. Huo ni uonevu, tena wa kupangwa.

Sentensi iliyonichoma zaidi katika barua yako ni ile ya kwamba kunyamaza kwako ni kukiri. Mtoto mwenye kigugumizi aliyesimama mbele ya meza ya mkubwa, moyo ukimwenda mbio, hawezi kupimwa kwa kasi ya ulimi wake. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake apewe nafasi ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu na asikilizwe katika mashauri yanayomgusa. Kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua mwaka 2009 kwamba hilo linahusu pia nidhamu ya shule, zikiwamo hatua za kumsimamisha au kumfukuza mwanafunzi, na kwamba mtoto mwenye ulemavu awezeshwe kutumia njia yoyote ya mawasiliano anayoihitaji ili aeleze maoni yake. Wewe umeandika barua hii kwa ufasaha ambao watu wazima wengi hawana. Kalamu ndiyo njia yako, na ulistahili kupewa karatasi kabla ya kupewa adhabu.

Watu wengine husema kwamba shule si mahakama na kwamba mkuu wa shule hawezi kuendesha kesi kila watoto wanapogombana. Hoja hiyo ilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1975, katika shauri la wanafunzi waliosimamishwa kwa siku zisizozidi 10 bila kusikilizwa, na majaji hawakudai mawakili wala viapo. Walichokidai ni kidogo mno: mwanafunzi aambiwe anatuhumiwa nini, akikana aelezwe ushahidi uliopo, kisha apewe nafasi ya kueleza upande wake. Walikubali pia kwamba mwanafunzi ambaye ni hatari kwa wenzake anaweza kuondolewa kwanza, mradi asikilizwe mapema iwezekanavyo baadaye. Kazi hiyo inaweza kumalizika katika nusu saa. Sheria za nchi hutofautiana, lakini nusu saa haikosekani katika shule yoyote.

Sasa la kufanya. Chukua karatasi uandike matukio moja baada ya jingine: tarehe au wiki unayoikumbuka, kipindi, mwalimu aliyekuwapo, waliokohoa, na waliokaa jirani ambao lazima walisikia. Usiandike kwamba wenzako ni wabaya au wanakuchukia. Andika walichofanya tu, kwa sababu kitendo kinaweza kuchunguzwa, ila chuki ya mtu haina shahidi. Tukio la mwalimu kuuliza kuhusu mafua liandike kwa ukamilifu, kwani mwalimu huyo atalikumbuka, na akilikumbuka atakuwa shahidi wako. Andika pia kwamba ulisukuma. Usilipunguze wala kulifunika, maana maelezo yako mengine yataaminika kwa kadiri utakavyokuwa mkweli katika hilo. Mwishoni omba mambo mawili: uonevu uchunguzwe kama shauri lake lenyewe, na barua ya adhabu ipitiwe upya baada ya maelezo yako kusomwa. Baki na nakala.

Karatasi hiyo mpe baba yako kwanza. Nami naomba nimwambie neno, iwapo ataisoma safu hii: kaka yangu, mwanao amestahimili miezi mingi bila kukusumbua, na siku aliyoshindwa kustahimili ndiyo siku uliyomhukumu. Nenda naye shuleni. Si lazima ugombane na mtu. Kaa tu kando yake wakati karatasi inasomwa, na akikwama, usimmalizie neno.

Kuhusu kurudi darasani, yako mambo mawili ambayo shule inaweza kukupendekezea kwa nia njema na ambayo unaruhusiwa kuyakataa. La kwanza ni kukukalisha na wale wanne mpeane mikono mbele ya mwalimu. Upatanisho wa namna hiyo unawafaa watu waliogombana wakiwa na nguvu sawa, lakini aliyeonewa humlazimisha kutabasamu mbele ya waliomwonea, na kikohozi hurudi kesho yake. Kumwomba radhi uliyempasua mdomo ni jambo tofauti, na hilo ulifanye kwa hiari yako, kwa maandishi ukitaka. La pili ni kukuhamisha wewe darasa. Anayepaswa kuhama, au angalau kutenganishwa viti, ni anayeonea.

Halafu mtafute mwenzako mmoja. Watafiti wa Kanada waliorekodi michezo ya watoto katika viwanja vya shule za msingi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001, walikuta kwamba mara nyingi uonevu hutokea mbele ya wanafunzi wengine, na ni wachache wanaoingilia kati. Lakini walipoingilia, katika zaidi ya nusu ya visa hivyo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Katika darasa lililocheka siku ile yupo ambaye hakucheka, na nadhani unamjua. Mwambie akigeuka nyuma na kuwatazama tu, inatosha kwa kuanzia. Na mzigo huu ukikuelemea hata usingizi ukakupotea au ukaona maisha hayana maana, usisubiri muhula mpya. Siku hiyo hiyo mwambie mtu mzima unayemwamini.

Swali: Mimi ni mwalimu wa nidhamu. Vitu vya wanafunzi wanyonge vinapoharibiwa na hakuna anayesema, huadhibu darasa zima hadi mhusika atajwe. Baadhi ya wenzangu wananiunga mkono, wengine wanasema ninakosea. Nifanye nini iwapo watoto wanafichana?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, nami niliwahi kuliadhibu darasa zima, kwa hiyo nakuandikia nikiwa najua uchovu unaomfikisha mtu hapo. Niliwasimamisha wanafunzi wote juani hadi mmoja akataja jina. Nililoliona jioni yake ndilo lililonifanya niache: aliyekuwa amemwagiwa wino kwenye sare alikuwa amekaa peke yake, kwa kuwa kila mmoja alimhesabia yeye lile jua. Nilikuwa nimemwongezea maadui 40 kwa siku moja. Na jina nililopewa halikuwa la mhusika. Lilikuwa la mtoto ambaye hakuna aliyemwogopa.

Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, katika kifungu cha 33, unakataza raia walio mikononi mwa adui kuadhibiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda wao wenyewe, na unapiga marufuku adhabu za jumla. Mkataba huo ni wa vita, hauhusu shule, lakini inanisumbua kwamba jambo lisiloruhusiwa kwa jeshi lililoteka mji tunalifanya kwa watoto wa kidato cha kwanza.

Watoto hawafichani kwa kupenda uovu. Wanajua kwamba atakayeonekana akiingia ofisini kwako wakati wa mapumziko ndiye atakayesakwa baadaye. Basi ondoa hatari hiyo. Wape wote karatasi kwa wakati mmoja, kila mmoja aandike alichokiona kuanzia kengele moja hadi nyingine, na ambaye hakuona aandike alikuwa wapi na nani. Wote waandike kwa muda ule ule, hata walio na sentensi moja tu, ili anayeandika mengi asijulikane. Usisome pale pale. Linganisha karatasi ukiwa peke yako, kisha waite watu wengi mmoja mmoja, wakiwamo usiowashuku, na kila mmoja akae kwa muda unaolingana na wa wenzake. Ukifika kwa mhusika utakuwa na ushahidi, nawe msikilize kama ambavyo ungependa mwanao asikilizwe. Usipompata, fidia kilichoharibika kwa njia ambayo shule inaweza, ongeza mwalimu wa zamu mahali palipotokea jambo hilo, na ukubali kwamba safari hii hukumpata. Ni afadhali kosa moja likose adhabu kuliko watoto 40 wakose haki.

Swali: Nimegundua kwenye simu ya binti yangu wa miaka 14 kwamba yeye na rafiki zake wameanzisha kundi la kumsema msichana mwenzao, na kwamba binti yangu ndiye kiongozi. Shule bado haijui. Naona aibu, na mume wangu anataka kumchapa. Nifiche au niseme?

Jibu: Useme, mama mwenzangu, na useme ukiwa pamoja naye. Kumchapa kutamfundisha kwamba mwenye nguvu humuumiza asiye nazo, somo ambalo tayari amelielewa kupita kiasi. Ukificha, yule msichana ataendelea kuumia kwa siri yako, na siku jambo litakapofichuka binti yako ataadhibiwa bila mtu wa kuelezea hatua yoyote njema aliyoichukua.

Kabla ya kwenda, kaa naye jioni moja mkiwa wawili tu, umwombe akusomee kwa sauti yale aliyoyaandika yeye mwenyewe, si ya wenzake. Usimkatize. Watoto wengi huyaandika maneno hayo bila kuyasikia, na wengi hushindwa kuyamaliza. Muulize yalianzaje na anahofia nini akiacha. Mara nyingi kiongozi wa kundi huamini kwamba akilegea atakuwa yeye anayesemwa. Halafu hifadhi nakala kwa ajili ya shule, kundi lifungwe, na simu ibaki kwako kwa kipindi mtakachokubaliana.

Shuleni, iombeni shule imlinde msichana aliyeumizwa kwanza, na mkubali adhabu yoyote yenye heshima itakayotolewa baada ya binti yako kusikilizwa. Asiharakishwe kuomba msamaha. Msichana yule aulizwe kwanza kama anataka kupokea chochote kutoka kwake, na akikataa, aachwe kwa amani. Akikubali, binti yako aandike kwa mkono, akusomee wewe kabla ya kuipeleka, na kila mahali utakaposikia neno “lakini,” mwambie alifute aanze upya.