Jibu: Tangi nimetia klorini, mbona koki ya jikoni bado ina bakteria?

Habari ndugu. Umesema tangi umelisafisha na klorini umetia, lakini maji ya jikoni bado yanakutwa na bakteria. Kwangu shida ilikuwa mabomba: ndani hujengeka utelezi unaowaficha bakteria na kumaliza klorini njiani. Kwanza pima klorini iliyobaki kwenye koki ya mwisho kabisa, si tangini. Isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Mimi nilitia klorini kali tangini, nikafungua kila koki mpaka harufu ikasikika, nikazifunga na kuiacha klorini mabombani usiku kucha, kisha nikamwaga yote. Kagua pia viungo vinavyovuja. Maji yakikatika kwa mgao, bomba tupu hunyonya uchafu kupitia viungo hivyo. Mabomba yangu ni ya plastiki. Ya chuma sijawahi kuyashughulikia. Kwa sasa chemsheni ya kunywa, tafadhali, hasa ya watoto.