Maswali na majibu: dirisha kubwa, skrini ndogo, OK haionekani

Maswali yanayokuja sana siku hizi ni ya watu wenye vile vifaa vidogo vya Linux vya kutachi, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye kioo cha inchi 7, PinePhone (simu ya Linux), tablet, na karibu wote kilio ni kimoja: programu inafunguka fresh ila dirisha lake ni refu kuliko skrini, kitufe cha OK kimezama chini huko hakifikiki. Nimeyakusanya hapa niyajibu moja moja. Msimamo wangu nausema mapema kabisa, usikimbilie kubadilisha skrini nzima kabla hujajaribu kurekebisha ile programu moja inayokusumbua.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Pi 4 na ile skrini ya inchi 7 hapa dukani, nikifungua setingi za printa ya risiti kitufe cha kuseivu kinapotelea chini, dirisha halipungui hata nivuteje. (Mwenye duka, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hicho kioo cha Raspberry Pi cha mwaka 2015 kina pikseli 800 kwa 480, ukitoa na paneli ya juu unabaki na kimo cha kama 440 hivi, wakati watu wengi walioandika programu za desktopu walikuwa wanawaza skrini ya 1024 kwa 768 kwenda juu. Na dirisha halipungui kwa sababu programu yenyewe imejiwekea saizi ya chini kabisa inayokubali, ukilazimisha ni kama godoro la sita kwa sita kwenye kitanda cha futi nne, haliingii. Kwa hiyo acha kulipunguza, lisogeze. Chomeka kibodi na mausi, shikilia Alt, halafu bonyeza mausi mahali popote ndani ya hilo dirisha, sio lazima kichwani, na ulisukume juu huku hujaachia. Kichwa cha dirisha kitatoka nje ya skrini kwa juu, usiogope, huku chini utaona vile vitufe vinapanda kimoja kimoja mpaka cha kuseivu kinatokea. Ukimaliza lishushe hivo hivo. Kwenye GNOME na KDE za sasa (hizo ni aina za desktopu za Linux) badala ya Alt unashikilia Super, ile yenye alama ya Windows.

Kama mausi haipo, Enter mara nyingi ndo OK na Esc ndo kughairi, hata kama vitufe vyenyewe huvioni. Tab inakuhamisha kutoka kitufe kimoja kwenda kingine ila hapo unatembea gizani, kwa hiyo kwenye setingi za printa ya biashara mimi nisingependa ubahatishe, tafuta mausi ya kuazima dakika mbili.

SWALI: Kaka mambo, kila mtu anasema tumia xrandr upunguze ukubwa wa vitu, mimi nikiandika hakuna kinachobadilika, au inaleta tu error. (Eldoret)

JIBU: Poa sana. Andika kwanza hii kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Ikikujibu wayland, basi hapo ndo tatizo lako lilipo, maana xrandr ni ya X11, ule mfumo wa zamani wa Linux wa kuonyesha madirisha, na Wayland ndo mpya unaochukua nafasi yake. Raspberry Pi OS ilihamia Wayland kwenye Pi 4 na Pi 5 Oktoba 2023, halafu Oktoba 2024 ikahamisha Pi zote, kwa hiyo maelekezo mengi unayokuta ni ya zamani, sio kwamba wewe umekosea kuandika. Kwenye Wayland ya Pi tumia wlr-randr. Ukiiandika peke yake inakutajia jina la skrini yako, tuseme ni DSI-1, kisha:

wlr-randr --output DSI-1 --scale 0.8

Hapo ile 800 kwa 480 inajifanya 1000 kwa 600, na madirisha mengi yaliyokuwa yanazidi yanaingia. Kwa walio kwenye X11 bado, hesabu inakaa hivi:

xrandr --output DSI-1 --scale 1.28x1.25

inakupa 1024 kwa 600. Angalia kwamba namba zinaenda kinyume, kwenye Wayland unashuka chini ya 1, kwenye X11 unapanda juu yake, hapa watu wengi wanachanganya halafu vitu vinazidi kuwa vikubwa wanadhani mashine imeharibika. Kama baada ya hapo kidole kinagusa hapa na mshale unaenda kule, hiyo ni tachi haijaunganishwa na skrini vizuri, kwenye X11 tafuta namba ya tachi kwa xinput list kisha andika xinput map-to-output, ile namba, na jina la skrini.

Ila herufi zitafifia kidogo. Pikseli hazijaongezeka, umezibana tu. Ndo maana hii naiita dawa ya muda, iwashe ufanye kazi yako kisha rudisha 1.

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Leipzig nasoma, nina PinePhone yenye Phosh (desktopu ya Linux ya simu), LibreOffice inafunguka lakini dirisha la setingi zake nusu nzima iko nje upande wa kulia. Je simu ndogo tu haiwezi? (Mwanafunzi)

JIBU: Nzuri, na inaweza. PinePhone ina pikseli 720 kwa 1440, ila Phosh inakuza kila kitu mara 2 ili kidole kipate pa kugusa, kwa hiyo kwa macho ya programu wewe una skrini ya 360 kwa 720 tu. Sasa upana wa 360 kwa dirisha la setingi za LibreOffice, kweli hapatoshi.

Watengenezaji wa Phosh waliliona hili mapema. Ingia kwenye programu ya Mobile Settings, nenda sehemu ya Compositor, utakuta orodha ya programu na swichi ya kila moja, washa ya LibreOffice na dirisha likizidi litabanwa lenyewe mpaka lienee. Ukitaka iwe kwa zote ni:

gsettings set sm.puri.phoc scale-to-fit true

Lakini mimi nakushauri ya mojamoja, kwa sababu ukiwasha kwa zote kuna programu zitakuja na maandishi madogo mpaka unasogeza simu puani. Njia ya katikati, kama ya mojamoja haikutosha, ni kushusha ukuzaji kutoka 2 hadi 1.5 kwa ile ile wlr-randr, unapata 480 kwa 960, vitufe bado vinagusika na madirisha mengi yanaingia. Na jaribu kulaza simu kabla ya yote hayo, dirisha pana linapona kwa kulaza tu.

Kitu kingine, programu nyingi zilizojengwa kwa libhandy au libadwaita (maktaba za kutengenezea programu) hazina shida hii, zinajikunja zenyewe mpaka upana wa 360. Purism ndo walianzisha libhandy kwa ajili ya simu yao ya Librem 5 na kazi ile imewafaa wengine wote. Ukiwa na uchaguzi kati ya programu mbili za kazi moja, chukua hiyo inayojikunja.

SWALI: Fundi, mimi ni VLC (ya video) na GIMP (ya picha) tu ndo kubwa, vingine viko sawa. Lazima niguse skrini nzima? (Zanzibar)

JIBU: Hapana, na nimefurahi umeuliza hivo. VLC imejengwa kwa Qt, moja ya zana za kutengenezea madirisha ya programu, ifungue hivi:

QT_SCALE_FACTOR=0.8 vlc

GIMP kuanzia toleo la 3 ni ya GTK 3, zana nyingine ya aina hiyo, yenyewe inaitwa GDK_DPI_SCALE=0.8 gimp (GIMP 2.10 ya zamani haisikii hii), hapa maandishi ndo yanapungua na vitufe vinapungua kufuata maandishi. Ili usiandike kila siku, kopi faili la VLC kutoka /usr/share/applications uliweke ~/.local/share/applications, lifungue, na kwenye mstari wa Exec ongeza env QT_SCALE_FACTOR=0.8 mbele ya jina la programu. Kuanzia hapo ukigusa ikoni inakuja ndogo yenyewe, na skrini iliyobaki hujaigusa. Ndani ya GIMP bonyeza Tab, zile paneli za pembeni zinajificha zote, picha inabaki na skrini yake.

SWALI: Sina Pi, natumia Linux ndani ya simu ya Android kwa Termux (terminali ya Android) na VNC (ya kutazamia desktopu yake). Kila kitu kinakatika. (Goma)

JIBU: Wewe ndo una kazi rahisi kuliko wote hapa, skrini yako ni ya kubuni, unaikata saizi unayotaka:

vncserver -geometry 1280x720 :1

Zima ile ya zamani kwanza. Kisha kwenye programu ya kutazamia unakuza kwa vidole viwili na kusogeza, hakuna dirisha litakalokukimbia.

SWALI: Kibodi ya kwenye skrini inatokea yenyewe na kufunika nusu ya dirisha, naizimaje? (Kampala)

JIBU: Raspberry Pi OS ya kuanzia Oktoba 2024 inakuja na Squeekboard, ukigusa sehemu ya kuandika inapanda. Fungua Raspberry Pi Configuration (kwenye toleo la kuanzia Oktoba 2025 ni Control Centre), sehemu ya Display, utaona setingi ya kibodi ya skrini, zima. Kama una kibodi ya kweli huihitaji.

SWALI: Nataka kununua kioo kipya cha Pi, ninunue cha inchi ngapi? (Dodoma)

JIBU: Usiulize inchi, uliza pikseli. Touch Display 2 ya Raspberry Pi iliyotoka Novemba 2024 ni inchi 7 kama ile ya 2015, lakini ina 720 kwa 1280. Inakuja imesimama wima, kwa hiyo utaizungusha kwenye setingi za skrini upate 1280 kwa 720, na hapo sehemu kubwa ya maswali ya huko juu hutakutana nayo. Muuzaji akikuambia kioo chake ni inchi 10 halafu pikseli ni 1024 kwa 600, ujue unalipia ukubwa wa macho tu, madirisha marefu bado yatakusumbua.